Anwani 214 za Sauti ya Mama

Jumatatu, 11 Agosti
Nimemlisha Mama uji, nikambadilisha khanga, nikakaa kwenye kompyuta. Tovuti ya hoteli, picha za vyumba. Kazi ileile. Mchana nikafungua ule ukurasa wa nyimbo za Kikwere. Juu wameandika: tovuti inafungwa Alhamisi. Nyimbo 214, zote kaziimba Mama kule Fukayosi, mtafiti mgeni akazirekodi. Sisi nyumbani hatuna hata moja. Na tangu kiharusi kimpige Mfungo Mosi, Mama hajatamka neno.

Jumanne, 12 Agosti
Kubofya moja moja, na mtandao huu wa Bagamoyo? Thubutu! Nimepata kimaktaba kidogo cha JavaScript, msimbo ulioandikwa tayari. Unakilisha HTML, maandishi ya ndani ya ukurasa, kinakutemea anwani za linki. Anwani tu, mengine yote kinatupa. Mara ya kwanza kimetema tisa. Nikatukana. Kumbe nilinakili kipande tu cha ukurasa. Alasiri umeme ukakatika. Naogopa.

Jumatano, 13 Agosti
214! Zote! Nikaongeza mistari michache ya kufuata kila anwani na kupakua kilichopo. Mafaili 214 ndani ya dakika tatu. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nikampigia Mama Mdogo, mdogo wake Mama, aje Ijumaa tumsikilizishe dada yake.

Alhamisi, 14 Agosti
Tovuti imefungwa. Waifunge tu. Mimi nimeshachukua changu.

Ijumaa, 15 Agosti
Mama Mdogo kafika na mihogo na spika ya kuazima. "Haya mwanangu, weka ule wa kutwanga."

Nikabofya. Kimya. La pili, kimya. Nikalifungua faili nione ndani. Si sauti. Ni ukurasa: ingiza nenosiri. Yote 214, ukurasa huohuo mmoja. Nyimbo zote hizo kwa dakika tatu, na sikushtuka! Ningebofya moja tu Jumatatu ningejua, ningeomba nenosiri mapema. Sikujaribu hata moja. Mjinga mimi, mjinga. Mama alikuwa ananitazama muda wote.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimemwandikia mtafiti. Barua pepe imerudi, anwani yake haipo tena. Nikasema basi, angalau majina ya nyimbo, Mama Mdogo ayatumie kukumbuka. Majina yalikuwa kwenye maneno ya linki. Mimi nilichukua anwani tu, ukurasa wenyewe sikuuhifadhi. Nilichobaki nacho ni namba, 001 mpaka 214. Nimelia chooni. Sina la kufanya.

Jumapili, 17 Agosti
Mama Mdogo hajaondoka. Asubuhi tumemtoa Mama uani, apate jua. Mama Mdogo akiwa anamenya mihogo akaanza ule wa kutwanga. Mistari miwili, akakwama. Akamgeukia Mama, kwa mazoea tu, amuulize wimbo unaendeleaje.

Mama akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga.

Mama Mdogo akaanza upya. Akakwama palepale.