Wimbo wa Upande wa Pili

Jumamosi, 29 Novemba

Nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nimefika kazini, kwenye makao ya wazee ya Fridley, mapema. Wazee wameamka vizuri. Chai, dawa, vitanda.

Kisha jikoni nikasikia wimbo. Nilisimama na sinia mkononi hadi ukaisha. Ni santuri ya Dale, mpishi wetu. Kila Desemba ikikaribia huleta gramafoni yake na kuiweka kando ya jiko. Anasema hii ni bendi ya hapa hapa Saint Paul, ilivunjika zamani. Wachache walioijua waliujua wimbo wa upande wa kwanza. Huu uko upande wa pili. Mchanganyiko wa swing na rokabili, midundo ya zamani ya dansi ya Kimarekani. Nikilitafsiri jina lake ni "Niwekeeni Kiti". Mtu yuko kazini siku ya Krismasi. Anawaomba watu wa nyumbani wasikiondoe kiti chake mezani.

Nikamwomba Dale aurudie. Akaurudia. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeurekodi kwenye simu. Nimeusikiliza kwenda na kurudi.

Besi ni ile kubwa ya kusimama. Mpigaji hazivuti nyuzi tu, anaziachia zichape ubao. Ngoma haipigwi kwa fimbo, inafagiliwa kwa brashi. Gitaa haliingii mpaka ubeti wa pili umalizike, na lina mwangwi kama mtu anayeimba bafuni. Tarumbeta zinajibu mara moja tu, kisha zinanyamaza. Bendi nyingine ingezijaza kila mahali. Na mwimbaji hapigi kelele. Anaomba kiti kama mtu anayeogopa kusahauliwa lakini hataki ijulikane.

Jioni nilipita duka moja Maple Grove. Nyimbo zile zile za kila mwaka. Huu unazishinda zote na hakuna anayeupiga. Inaniudhi kwa kweli.

Nimeamua. Kwaya yetu ya kanisa iuimbe Jumapili ya tarehe 21. Karibu sisi sote ni manesi na walezi wa wazee. Wengi tutakuwa kazini siku ya Krismasi. Huu ni wimbo wetu, hatujui tu.

Jumamosi, 6 Desemba

Mazoezi ni saa nane, yaani saa tisa na nusu. Niliwachezea wimbo kwenye spika. Akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kutikisika kwenye viti. Mwalimu Obara, kiongozi wa kwaya, hakutikisika.

"Baba Neema, hii ni ya ku-dance. Imebaki tu mtu wa kuleta vinywaji."

"Mwalimu, sikiliza maneno."

"Maneno nimesikia. Na miguu ya hawa kina mama nimeiona."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika.

Mwishowe alikubali nusu. Niutafsiri kwa Kiswahili, tujaribu Jumamosi ijayo. Usipokaa sawa, tunaimba ule wa kila Krismasi. Ule naweza kuuimba nikiwa usingizini. Nadhani ndivyo tunavyouimba.

Jumatano, 10 Desemba

Tafsiri imekwisha. Ubeti wa tatu umenisumbua, lakini umeingia. Neema ameusikiliza zaidi ya mara moja bila kuombwa. Amenijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba si mbaya. Kwa msichana wa miaka kumi na sita hiyo ni sifa kubwa.

Naiogopa Jumamosi.

Jumamosi, 13 Desemba

Kwanza aibu. Kevo, mpiga kinanda wetu, alibonyeza mdundo wa mashine, ule wa mapambio, kama anavyofanya kwa kila wimbo. Hakuna aliyemzuia. Hatujawahi kuimba bila mashine. Kwaya nzima ikaupigia makofi, pigo kwa pigo, kwa nguvu. Swing ikafa papo hapo. Wimbo ukawa gwaride. Tulirudia, ukawa gwaride la haraka zaidi. Mwalimu akaanza kukusanya karatasi zangu za tafsiri. Nilitamani kwenda nyumbani.

Hapo akaingia Mama Atieno, mpiga kayamba, bado na sare za kazi kutoka Saint Louis Park. Kevo alizima mashine ili amsalimie. Mama Atieno akakaa, akachukua kayamba yake na kuanza kuijaribu tu, kama kawaida yake. Mitikiso mitatu ndani ya kila pigo, wa kwanza mzito, wa mwisho unarukia mbele.

Ndiyo brashi ile ya santuri. Ni ile ile kabisa.

"Mama, usiache. Kevo, usiguse hiyo mashine."

"Kwani nimefanya nini?" Mama Atieno akauliza, mkono haujasimama.

Tukaanza upya. Sisi wa besi tukaiga ile besi ya kusimama kwa midomo. Akina mama wakawa tarumbeta, mara moja tu, kisha kimya. Wimbo ukakaa. Ulikaa kama umezaliwa pale. Mwalimu alikuwa bado ameshika karatasi, lakini kiatu chake cha kulia kilikuwa kinagonga sakafu.

Mama Atieno alikiona. "Mwalimu, na huo mguu ni wa mama gani?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Karatasi akazigawa tena. Tunauimba.

Nimepiga honi peke yangu kwenye maegesho. Mtu mzima.

Jumapili, 21 Desemba

Tumeimba. Kanisa lote limesimama, hata safu ya wazee wa kanisa. Mchungaji ameomba turudie.

Dale alikuja. Alikaa nyuma, kofia magotini. Kiswahili hakijui, lakini alijua tarumbeta zinaingia wapi. Nilimwona akiinua kidole kabla akina mama hawajafungua midomo. Baadaye alinishika mkono. Akaniambia kwamba miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kumwomba upande ule. Basi.

Nina furaha ambayo siwezi kuiandika vizuri.

Alhamisi, 25 Desemba

Kazini tangu asubuhi. Wakati wa chakula Dale alianza na upande wa pili. Mzee mmoja aliomba urudiwe. Nilitoka saa kumi. Theluji kidogo, barabara tupu.

Nyumbani walikuwa wameshakula. Wageni wengi. Viti havikutosha, vijana walikaa chini na sahani mapajani. Kiti changu mezani kilikuwa kitupu. Neema alikuwa ametandika koti lake juu yake, mtu asikikalie.

Nilikaa. Pilau ilikuwa bado ina moto.