Jumapili ya Kupamba Makaburi

Dada Arlena,

Hujambo huko ng'ambo ya mto? Bado kiwandani wanakupa zamu mbili? Na bega lako lile lililobanwa na mashine limepoa? Hapa milimani tupo. Nilianza kuandika kwamba sote wazima, nikafuta. Mama si mzima, na simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza anakusalimu. Kasema uvae soksi, baridi ya Cincinnati inapenya. Mie nashinda nimesimama kwenye kaunta ya duka la dawa tangu asubuhi, hajawahi kuniuliza habari za soksi.

Nikwambie, dukani mambo yamegeuka. Tangu madaktari walazimishwe kufungua kompyuta ya serikali, inayoonyesha kila kidonge alichoandikiwa mtu na nani, kabla ya kumwandikia dawa ya maumivu, wanaandika kama wanaotembea juu ya barafu. Wale waliokuwa wakigawa vidonge kama peremende wamefunga milango, na mimi nimefurahi, maana tumezika wenzetu wengi. Ila na wazee waliovunjwa migongo migodini nao wanarudi mikono mitupu. Juzi Mzee Estill kanitania, "Binti, bunduki napewa leo leo. Kidonge mpaka serikali inichungulie."

Sasa zamu ya mama. Unajua Daktari Fugate amemwandikia miaka yote tangu wamtie vyuma mgongoni baada ya ajali. Mwezi huu kompyuta ya kwetu imeanza kusoma na ya Ohio, huko kwako. Nilimpeleka mimi, nikakaa pembeni yake. Daktari akafungua, akasoma. Akasema inaonekana mama aliandikiwa vidonge vilevile na daktari mwingine huko Cincinnati, na sheria ya kliniki yake anayo ukutani, mgonjwa mwenye madaktari wawili anaachwa. Halafu akaitazama tena tarehe.

"Bi Verna, hii ni Jumapili ya kupamba makaburi," akasema. "Siku hiyo ulinikatia keki ya tufaha kwa mkono wako, pale kwenye kaburi la mumeo."

Alikuwa anamfungulia mlango aseme si yeye, Arlena. Sote tulikuwepo makaburini na maua na vyakula, isipokuwa wewe, uliyesema una kazi. Nikakumbuka kitambulisho cha mama kilichopotea alipokuja kwako Krismasi. Nikakumbuka watu wanavyosema umechukua sura nzima ya mama, na kwa kuwa alikuzaa bado msichana, huwadhania ndugu. Mie nimechukua ya baba. Nikafungua mdomo. Mama akanibana goti.

"Niliondoka baada ya keki, daktari. Niliendesha mwenyewe."

Mama, ambaye hajashika usukani tangu ajali! Daktari alijua anaongopa. Lakini akasema hawezi kuandika kinyume cha mashine na kinyume cha mdomo wa mama mwenyewe. Akampa vidonge vichache vya kumpunguzia dawa polepole, basi.

Ndani ya gari nikamuuliza kwa nini. Akasema ninyamaze, Arlena atapoteza kazi. Nikamuuliza, na ya kwangu je, kama ningekuwa mimi? Akatazama nje.

Sasa mkono wa mama hauinuki hata kuchana nywele. Namchana mimi, na wakati namchana ananisimulia nywele zako ulipokuwa mtoto. Nikwambie ukweli, hasira hazikuja kwanza. Ulikuja wivu. Nilikuonea wivu hata kwa huo uongo.

Leo asubuhi nilifungua kopo lake la vifungo, nikakuta leso imefungwa, ndani vidonge. Vile vichache alivyopewa! Anaugulia kitini na hamezi. Nilipomwonyesha, akajibu kama anayezungumzia keki.

"Vya Arlena hivyo. Akija akute kitu nyumbani, asiende kununua kwa watu wabaya akafa."

Nimevirudisha vyote kwenye chupa yake, nikasimama mbele yake mpaka akameza kimoja. Kalia, kaniita mkatili.

Jumamosi nakuja na gari la baba. Sitakupigia kelele. Nilimuuliza Daktari Fugate, bila kutaja jina lako, akasema kuna tiba kwa aliyeshindwa kuacha vidonge, na mlango wake uko wazi. Akasema pia kwamba mstari ule wa Cincinnati kwenye kompyuta hautatoka kwenye jina la mama mpaka aliyevichukua mwenyewe aje aseme. Kwa hiyo uje useme wewe. Mimi nikisema, mama atasema naongopa kwa wivu, na kila mtu hapa atamwamini.

Mama anakusalimu tena. Na mimi nakusalimu, na nakungoja zaidi ya ninavyotaka kukiri. Vaa soksi. Gari la baba halina joto.

Mdogo wako,
Tressie