Mbegu Alizochemsha Mama

Cheektowaga, Juni 2015

Mjukuu wangu Danieli, mume wangu wa pili,

Hapa hatujambo. Baba yako anarudi kutoka ghalani amechoka, lakini anacheka. Shangazi yako wa Columbus kajifungua salama, mtoto wa kike. Nawe huko Louisville ule, vitabu havishibishi.

Uliniuliza kwenye simu manung'uniko ya kwetu Msumbiji yaligeukaje vita vya uhuru. Wengine watakutajia bunduki. Mimi nakutajia chungu. Mreno alitulazimisha kulima pamba, mahindi yetu yakakosa nafasi. Basi mama akachemsha mbegu za pamba kabla ya kupanda, na majirani vivyo hivyo. Msimamizi akaja, akakodolea macho shamba tupu, akasema, "Ardhi hii mbovu."

Mama akaitikia, "Mbovu kweli, bwana."

Alipoondoka tulicheka hadi machozi. Ukishamcheka mtu, kumwogopa tena ni kazi. Vijana wetu walipovuka Ruvuma kwenda kujifunza vita, hakuna mama aliyeshangaa. Na tukajitawala.

Mwezi uliopita nilipanda maharage nyuma ya nyumba. Haya sikuyachemsha. Yameota yote. Njoo ule.

Mkeo asiyezeeka,
Bibi