Ngozi ya Pampu ya Mugoma

Fundi Laurenti, mpambanaji mwenzangu, shikamoo.

Naandika nikijua hakuna atakayeniitikia marahaba.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika, pampu yetu ya Mugoma ilikata maji. Wanakijiji wakasema wakimbizi wa kambi jirani wamekimaliza kisima. Na mimi, Fundi, mimi niliyesimamishwa chuo kwa kutetea wanyonge, nilichukua karatasi, nikakokotoa ndoo zinazochotwa kwa siku, nikasimama mkutanoni na kuthibitisha kwamba kisima kimekauka! Nilipigiwa makofi. Jioni hiyohiyo akina mama wa kambini walifukuzwa pampuni na ndoo tupu.

Asubuhi yake nilikumbuka ulivyokuwa ukinitania, ukininyooshea kipande cha bomba: "Msomi, mdomo wako unavuta hewa tu, kama pampu mbovu. Nyamaza, tia kidole hapa." Nami nilidhani kidole ni elimu ya asiyesoma.

Nikateremsha kamba yenye jiwe kisimani. Ikapanda imelowa urefu wa watu wawili. Maji yalikuwepo! Nikazivuta fito za pampu peke yangu, bila mtu wa kunishikia upande wa pili. Ile ngozi ya pistoni, iliyokunjwa kama kikombe ili ivute maji, ilikuwa imelika. Nikakata nyingine ya ng'ombe, nikailoweka kwenye samli kama ulivyozoea, nikaifunga.

Nikapampu. Hata tone halikutoka.

Nikaitoa tena, nikaiingiza kwenye kipande cha bomba, nikaziba chini kwa kidole, nikavuta. Hapakuwa na kitu. Nikaigeuza, mdomo wa ngozi ukatazama juu. Nikavuta: kidole kikanyonywa hadi kikauma. Fundi, somo hilo la mgandamizo wa hewa nililifaulu kwenye mtihani. Siku hiyo ndipo nilipolielewa.

Nikairudisha pampuni, maji yakatoka. Nikageuka kukuonyesha... nikaona migomba tu.

Lakini akina mama wa kambini hawajarudi. Wanachota maji ya tope bondeni, kwa sababu neno langu bado linawazuia. Pampu nimeitengeneza, uongo wangu ungali mzima.

Kwa hiyo nakuahidi: sitahutubia. Nitasema "nilikosea", basi. Kisha spana nitawakabidhi mama mmoja wa kijiji na mmoja wa kambi, waifungue pampu wenyewe, waione ngozi, wateremshe kamba kwa mikono yao.

Pumzika, Fundi wangu. Nimewaita wote, wa Mugoma na wa kambini: Jumamosi, saa nne asubuhi, hapo pampuni.