Karisimbi Mwezi wa Nne

Gitega, Kigali
12 Januari 2025

Mpwa wangu Cyusa,

Anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko mafundi wote waliowahi kupenyeza uzi kwenye sindano, yaani mjomba wako. Hujambo? Mama yako hajambo? Mimi mzima, ila goti la kushoto linadai mshahara wa peke yake.

Umeuliza habari za Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote ya Rwanda. Umemwuliza mwenyewe hasa. Huo mlima niliupanda ujana wangu, tena mwezi wa nne, katikati ya itumba, ile mvua ndefu inayochosha hata vyura. Watu wakasema subiri kiangazi. Nikapanda. Mawingu yalinipisha kama mkubwa anavyopishwa mlangoni. Nikafika kileleni kofia kavu, Kongo naiona huku, Uganda naiona kule, nikachota maji kwenye chemchemi iliyoko pale juu nikapika chai. Bahati haifundishwi shule, ndiyo maana mimi shule niliiacha darasa la tano.

Ila niambie, mtu aliyekulia Mwanza akila sangara anatafuta nini kwenye baridi?

Barua nampa Mugabo wa basi. Zile herufi za kwenye simu ni sisimizi, macho yangu hayazipati.

Mjomba wako,
Swedi fundi


Mwanza
2 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Mama anakusalimu, anasema nikigawa kila neno lako kwa mbili nitabaki na kitu cha maana.

Kuna binti anaitwa Phiona. Ni muuguzi hapa, ila wazazi wake wako huko kwenu, Kabuga. Mwezi wa sita anaenda Kanada kusoma, miaka minne. Tangu mtoto anautamani ule mlima, na mimi nataka nimvishe pete kulekule juu kabla hajaondoka.

Nimempigia kiongozi wa wapanda milima, anaitwa Twizeyimana. Anasema njooni impeshyi, kiangazi chenu, kuanzia mwezi wa saba, njia ikiwa imekauka. Hata sasa hivi si vibaya, lakini kazini hawanipi ruhusa kabla ya Aprili. Na Aprili, anasema, huko juu ni mvua ya mawe na tope la magotini. Phiona mwenyewe anasema tuache, nimvishe Kabuga mbele ya mama yake, inatosha.

Mjomba, wewe ulipanda Aprili kweli? Nijibu bila mzaha. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua aliyefika kule.

Mpwa wako,
Cyusa


Gitega
16 Februari 2025

Cyusa mwanangu,

Salamu zako zimefika, na za mama yako zimefika zikiwa na pilipili. Mwambie nampenda hivyohivyo.

Sasa sikiliza. Ukingoja mwezi wa saba utamvisha nani pete, mbuzi? Binti atakuwa Kanada anakanyaga theluji na madaktari warefu. Huyo kiongozi anasifia impeshyi kwa sababu ndipo Wazungu wanapojaa. Akikaa nyumbani itumba lote, atasema nini kingine? Na pete ya kuvishwa sebuleni mbele ya mama mkwe, hiyo ni pete au ni risiti?

Umeniomba nijibu bila mzaha. Ndiyo, ilikuwa Aprili. Nilipanda, nikashuka, sikupiga hata chafya.

Nimeshaanza kumshonea Phiona koti. Nje turubai, ndani blanketi zito, kola ya juu kama ya jenerali. Bei yake ni kucheza harusini. Nitumie vipimo vya mabega, mikono nitakisia.

Mjomba wako,
Swedi


Mwanza
23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Natumai swaumu haikutesi na goti limenyamaza.

Tumeamua. Tunakuja baada ya Idi, tulale kwako, kisha twende Musanze, chini ya mlima. Twizeyimana amejaribu mara ya mwisho kunishawishi nisogeze safari. Nikamwambia mjomba wangu alipanda mwezi huohuo. Akasema haya basi, lakini mje na nguo zisizopitisha maji.

Phiona alikuwa bado anasita. Nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini, hasa pale pa mbuzi. Akasema, "Haya, twende kwa bahati ya mjomba."

Mpwa wako,
Cyusa


Mwanza
25 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi nipo. Mama ana presha, anakunywa dawa.

Nilikuona Kabuga siku ya mazishi, umesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Sikuweza kuja. Nawe hukuja.

Sijamweleza mtu jinsi ilivyokuwa, sasa nakueleza wewe. Mvua ilitukuta asubuhi msituni. Twizeyimana akasema turudi. Phiona akanitazama mimi, mimi nikasema twende, kule juu kutafunguka. Ikaja mvua ya mawe na upepo. Lile koti lilikunywa maji likawa zito, akawa anatembea kama amebeba mtu. Tulipomvua likasimama lenyewe pale chini. Nikampa langu, lakini alishalowa mpaka ndani. Alitetemeka sana, kisha akaacha. Akasema hasikii baridi tena. Mjomba, mimi nilifurahi. Nilidhani amepata nafuu. Twizeyimana akaanza kukimbia, wapagazi wakambeba mgongoni kwa zamu kushuka naye, bado ni mchana. Hakufika chini.

Pete ilikuwa kwenye soksi yangu. Sikumwonyesha.

Nina swali moja. Tukiwa njiani nilimwambia Twizeyimana kuhusu chemchemi uliyopikia chai. Akasema kileleni hakuna chemchemi. Kazi yake ni ule mlima, mjomba. Uliona nini wewe kule juu?

Cyusa


Gitega
8 Juni 2025

Mpwa wangu,

Pole. Neno hili ni dogo, nimelitafutia kubwa sikulipata. Mama Phiona, Claudette, nilimpelekea unga na sukari. Alipokea, akaniuliza mimi ni nani, nikasema ni jirani wa mtu.

Mwanangu, hali ya hewa imeharibika. Itumba la siku hizi si lile la zamani, waulize wakulima. Na chemchemi hukauka, au mawe huporomoka yakaifunika. Milima nayo inazeeka kama sisi. Zamani zile mbingu zilikuwa na adabu.

Kula. Usilale na njaa. Ukitaka kuja, kitanda kipo, mimi nitalala dukani.

Mjomba wako,
Swedi


Mwanza
22 Juni 2025

Mjomba,

Sikuuliza hali ya hewa.

Cyusa


Gitega
3 Agosti 2025

Cyusa,

Sina la kusalimia.

Wiki iliyopita nilipanda basi mpaka Musanze. Ni impeshyi sasa, vumbi tupu, na Karisimbi iko wazi kuanzia chini hadi juu kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilikaa kwenye kibanda cha chai barabarani. Kikundi cha vijana kilikuwa kimeshuka, viatu vyao vikavu, mmoja anakula mahindi. Msichana mmoja alikuwa amechoka anacheka, amejilaza juu ya mizigo. Nikamwuliza, "Huko juu kukoje?" Akasema, "Baridi tu, mzee. Ila tumeona kila kitu." Nikashindwa kumaliza chai.

Dukani sisemi tena. Wateja wanauliza kama naumwa. Jana mmoja alitaka nimhadithie ile ya mlima, ile niliyowahadithia wote, niliyokuhadithia wewe ukiwa na meno ya maziwa. Nikamrudishia suruali yake bila kuipinda, nikafunga mlango.

Barua yako ya Februari ipo hapa. Uliponiuliza "kweli?" nilikuwa na kalamu mkononi na muda wote wa dunia. Neno moja tu lingetosha, na angevishwa pete Kabuga mbele ya mama yake. Nilifikiri, nikisema sasa, huyu mtoto ataniona nani? Nikaona heri nishone koti.

Usinijibu kama huwezi. Usinisamehe kwa kuwa mimi ni ndugu ya mama yako. Na mwambie mama yako, maana alijua tabia yangu ila hakujua kama ningeweza kufika hapa.

Nilikuwa utingo wa lori la viazi. Tulisimama sokoni Ruhengeri, hiyo Musanze ya sasa, mawingu yakafunguka kidogo, mwanamke muuza mkaa akanionyesha kwa kidole: ile pale. Tukapakia, tukaondoka. Hiyo ndiyo Aprili yangu, na hiyo ndiyo bahati yangu.

Sijapanda Karisimbi. Sijapanda mlima wowote. Nilikudanganya.

Swedi