Mpini wa Kale, Chuma Kipya

Jumatatu, 13 Oktoba

Zamu ya asubuhi hospitalini Flemingsberg. Wagonjwa sita. Mmoja amefariki kabla ya chai. Nimemfunika, nimenawa, nimeendelea. Treni imechelewa.

Nyumbani Farsta nimemkuta Gunnar mlangoni na kifurushi kirefu. Mwalimu mstaafu. Miaka kumi na miwili iliyopita alinunua upanga wa Kidayaki kwa kuamini cheti cha mume wangu Lennart, mpimaji wa silaha za kale. Sasa anahamia nyumba ya wazee, anaupeleka mnadani. Wenye mnada wanataka cheti kithibitishwe kufikia Ijumaa. Lennart hayupo, nani mwingine? Nimesema sawa. Sijui kwa nini.

Jumanne, 14 Oktoba

Kifurushi kiko mezani. Sijakigusa. Miezi saba tangu nimzike Lennart na sijalia. Kanisani wananisifu, eti nina moyo. Sina. Ndani kumekufa ganzi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mapumziko. Nimekifungua.

Kazi hii alinifundisha yeye, macho yake yalipoanza kufifia. Mimi niangalie, yeye apapase, kisha aandike. Wadayaki wa kisiwa cha Borneo huuita upanga wao mandau. Katika ule wa kale, upande mmoja wa chuma umebinuka, wa pili umebonyea kidogo. Ndivyo wahunzi wa kule bara walivyofua.

Nimeanza na mpini. Pembe ya kulungu, imekuwa njano kama jino la mzee. Weusi wa mikono umeingia mpaka ndani ya nakshi. Ni wa kale, wa watu wa juu ya mto. Sina shaka. Ala ya mbao, kamba zake za henzirani zimefumwa upya.

Kisha chuma. Bapa pande zote mbili. Vitundu vilivyojazwa shaba mgongoni mwake vimelingana mno, kazi ya keekee ya umeme. Pale chuma kinapoingia kwenye mpini hakuna utomvu wa mti wa kugandishia, kama walivyofanya wa kale. Gundi ya dukani.

Mpini wa kale umetiwa chuma cha kuuzia watalii. Cheti kinasema upanga wote ni wa karne ya kumi na tisa. Sahihi ya Lennart.

Nimerudia mara tatu. Ni vilevile.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama Furaha wa kanisani, Mkongo wa Bukavu, amekuja na sombe, majani ya muhogo. Nimemweleza.

"Dada, mutu amekufa hawezi kujitetea. Uiache tu hivyo."

"Na atakayeununua?"

Amenipakulia. "Kula kwanza."

Nimempigia binti yangu Malin. Amejibu kwa Kiswidi, kama kawaida: "Mamma, det är pappas namn." Ni jina la baba. Kana kwamba sijui.

Alipokwenda Mama Furaha nimetafuta daftari la kazi la Lennart la mwaka ule. Nilitaka kujua ilikuwaje akakosea. Mwandiko mkubwa, wa mtu asiyeona vizuri, jina langu mwanzoni:

"Rehema anasema wote ni wa kale. Huu ndio wa kwanza kuupima peke yake. Kidole gumba changu kinakataa. Nimeandika wa kale. Amefurahi sana."

Kumbe kosa ni langu, nami nilikwisha kusahau. Nilitazama mpini, basi. Naye alijua, akaweka sahihi, akamwacha Gunnar aondoke nao.

Nimelitupa daftari ukutani. Nimemtukana kwa Kitaita, lugha ambayo hakuwahi kuielewa. Kwa sauti, peke yangu, jikoni. Tangu Machi sijasikia chochote ndani yangu. Leo nimesikia hasira.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeandika maoni mapya. Mpini wa kale, chuma kipya, cheti cha kwanza si sahihi. Nimetia jina langu. Nimempelekea Gunnar kwake Fittja, pamoja na upanga. Amesoma polepole.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimetundika sebuleni kitu cha watalii."

"Mpini ni wa kale kweli. Chuma ndicho kipya. Kosa lilikuwa langu, na mume wangu alilijua."

"Alilijua?"

"Ndiyo. Aliliandika."

Kisha ameomba nimwonyeshe. Nimemwonyesha vile vitundu kwa lenzi, kimoja kimoja. Ameviona. Hakunisamehe. Hakunigombeza pia. Amesema niwapigie wenye mnada mwenyewe, na nimepiga mbele yake. Wameuondoa kwenye orodha. Ameushika mlango nipite, hakunipa mkono.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kazini. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Kanisani nimekaa nyuma, nimetoka kabla ya kahawa ya baada ya ibada.

Nguo za Lennart bado ziko kabatini. Nimetoa mashati mawili. Yalikuwa safi. Nimeyafua kwa mkono hata hivyo, nimeyaanika bafuni. Yalikuwa yakidondosha maji. Nimekaa kwenye kigoda nikiyasikiliza mpaka yakanyamaza.