Dawa ya Amibe Sitatuma Tena

Bunia, Shari

Delphin, mudogo yangu,

Nakusalimia huko Mongbwalu. Siye hapa tuko. Mvua inanyesha kila mangaribi, na shangazi aliyekimbia vita kule Bambu amelima maharagi nyuma ya nyumba.

Barua yako dereva Fiacre alinifikishia. Dawa ya amibe uliyoomba, ile ya kuhara damu, sitatuma tena. Nimeituma mwaka mzima, na weye ungali unaona damu chooni. Mama pia tulimupa dawa ya amibe mpaka tukamuzika.

Yaya Alphonse, mukubwa wetu siye wote, walimupasua tumbo juma lililopita. Haikuwa amibe, ni kansa ya utumbo mukubwa. Munganga aliniuliza mama alikufa na nini. Nilipomuelezea, akasema: «Ugonjwa huu unaweza kupita katika jamaa. Watoto wote wa mama ule waje tuwaangalie utumbo kwa kamera inayopitishwa nyuma, hata asiyeumwa. Tukiukuta ungali mudogo, tunaukata, unaisha.»

Kwa simu unakata nikianza tu neno hili. Unasema kamera ile ni haya kwa mwanaume. Alphonse pia alisema vile. Leo mufuko wa choo umebandikwa tumboni mwake, na neno la haya halisemi tena.

Fiacre anarudi Bunia Ijumaa. Nimemuambia kiti cha mbele ni chako.

Mie waliniangalia jana. Walichokuta sitaandika hapa. Kuja uniulize uso kwa uso.

Yaya yako anayekungoja,
Mireille